Masomo Wanne

Uani kwetu Limbani, karafuu hazina tena pa kuanikwa.
Jamvi langu limesukumwa hadi mlango wa choo,
na pale pa jua, penyewe hasa pa jua la saa nne,
wamesimama wao.

Usidhani watoto. Wala wageni.
Ni pikipiki za Asaa, mume wangu,
na kila moja ubavuni ina neno lile lile: STAR.
Ukimuuliza, atakwambia ni masomo,
wa jina moja, kama Khatibu na Khatibu.

Wa kwanza, tusidanganyane, si pikipiki.
Ni tangi tu la enzi ya Mwingereza,
alilolikuta Mtambwe, mjane analiwekea mafuta ya taa.
Akampa dumu jipya na elfu themanini,
akarudi nalo amelipakata kama mtoto aliyelala.
"Na magurudumu?"
"Yatakuja."
Mwaka wa saba huu, hayajaja.

Wa pili Mhindi, wa gia za mkononi,
kavuka kutoka Unguja juu ya magunia ya unga,
kashuka Mkoani mweupe pepepe, hawaki.
Asaa akamkokota hadi Chake, akalala msikitini,
alfajiri akamkokota tena.

Wa tatu mstaafu wa bodaboda.
Kiti kimepasuka, kuku wangu mweusi hutaga humo.
Huyo ndiye pekee aliyewahi kuniletea faida.

Wa nne hana kabila.
Jina lake lenyewe ni stika,
ina mapovu ya hewa chini ya herufi A.
Fundi Ngwali alicheka mpaka akakaa chini:
"Huyu si wa ukoo! Stika hata punda nitambandika!"
Asaa akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu:
"Na wewe, Ngwali, ulizaliwa umeandikwa?"

Watu hawakukosa la kusema.
Nyota, walisema, ni mwanamke.
Yuko Tanga, alisema Bi Chumu, tena shughulini,
mbele ya sinia la biriani, mdomo umejaa.
Nikalichukua neno lile nikalala nalo,
miaka, na lina miba.

Mpaka usiku ule wa mvua ya vuli,
umeme umekatika, namwona nje na tochi mdomoni
anawafunika wao
kwa turubai langu mimi, la karafuu.
Nikamfuata na maji yananitiririka:
"Nyota ni nani, Asaa?"

Alitoa tochi mdomoni.
Akasema alikuwa na miaka kumi na moja, Kiuyu, anachunga mbuzi.
Bwana wa dawa ya mbu alikwama matopeni,
akamwambia, nishikie, nikatafute gogo.
Aliporudi, akamkuta mtoto kaganda, anatazama tangi.
Akamshika kidole, akakipitisha juu ya chuma,
herufi moja, na ya pili, na ya tatu, na ya nne.
Jioni aliziandika kwa mkaa mlangoni mwa jiko
akapigwa; mama yake alidhani ni uchawi.
"Skuli sikuingia, Mize. Mbuzi hawajichungi.
Nilianzia hapo."

Nami nilidhani ni masomo wanne.
Kumbe ni somo moja,
anahofia kulisahau.

Sikusema kitu. Nilivuta turubai upande wa kuku.
Karafuu zililowa, zikakauka kwa siku tisa,
daraja la tatu, na bei yake unaijua.
Na juzi kasikia kuna mwingine Konde, hana injini.
Nimemwambia: karafuu kwanza.
Anahesabu siku, namwona, kwa vidole.

Lakini Alhamisi, alipokuwa dukani,
nilipita kwenye lile tangi la Mwingereza,
vumbi limelala juu yake kama unga wa muhogo,
nikaandika kwa kidole, chini ya jina lake, langu.
Ijumaa alifuta wote wanne, pande zote, kwa mafuta ya nazi.
Pale hakugusa.