Trei ya Mayai

Trei nilipewa na Mama Kasiva wa kioski,
mashimo thelathini, moja limeoza kwa mvua.
Aliniuliza nafuga kuku wa aina gani.
Wasiotaga, nikamwambia. Wasioibwa.

Mimi ni fundi wa vigae. Kutwa nimepiga magoti
kwenye bafu za Kilimani,
nikibandika marumaru iliyovuka bahari
juu ya kuta za jiwe la Njiru,
na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuuliza
jiwe lipi lilitangulia kuwepo.

Nzilani ndiye aliyeuliza.
Alitoka shule na kokoto ndani ya soksi:
Baba, hii inaitwaje?
Jiwe, nikasema.
Akanitazama kama mtu aliyeuliza jina la mgeni
akajibiwa: mtu.

Basi tukaanza.
Kigae kilichovunjika, upande usiong'aa,
ndiyo daftari yetu: unaburuta jiwe, linaandika.
Lile jeusi, zito, la njia ya Kiserian
liliandika kwa wino mwekundu. Tukarudia mara tatu,
hatukuamini.
Ukucha ulikwaruza jiwe la Kisii,
msumari ukakwaruza marumaru ya Kajiado,
kisha kwatzi, nyeupe, kimya, shimo la saba,
ikaukwaruza msumari wenyewe,
na Nzilani akashangilia
kama shabiki wa timu ndogo.
Tone la ndimu juu ya unga wa marumaru:
tega sikio, utasikia soda
ikifunguliwa nyumba ya tatu.

Ulanga unabanduka kama kitunguu.
Jiwe la kusugulia visigino linaelea kwenye beseni.
Magadi niliyachota jikoni; mama yake akayarudisha.
Shimo la kumi na nne lina karatasi tu:
*Magadi. Uliza kwenye maharagwe.*

Halafu mvua ya Aprili, ukingo wa Mto Mathare,
akaokota la kijani.
Duara, laini, mwanga ukiingia unakaa.
Ploti nzima ikapanda ngazi kuja kuona.
Zumaridi! Odipo kinyozi
alikwisha kutununulia shamba,
akabakiza na hela za ng'ombe.

Mtaa wa Biashara, ghorofa ya pili,
mwenye duka akalitia kwenye lenzi yake ndogo,
akakaa nalo kuliko nilivyotarajia.
"Kuna viputo ndani," akasema. "Ni chupa.
Lakini mto umefanya kazi safi."
Hakucheka. Hakututoza.

Hadi Pangani Nzilani hakusema neno.
Nilikuwa natafuta la kumwambia,
maneno ya kizazi, yale ya kupoza,
alipouliza: Chupa hutengenezwa na nini?
Mchanga.
Na mchanga?
Nikafikiri. Kwatzi, zaidi.
"Basi ni mtoto wa namba saba,"
akasema, na usiku ule akamweka
shimo la nane, karibu na mzazi wake.

Odipo bado anauliza tuliuza bei gani.

Juzi, Kilimani, nimepiga magoti,
gundi tayari, kigae mkononi:
ndani ya marumaru, konokono.
Mzima, amejikunja,
mdogo kuliko kitufe cha shati,
amelala humo tangu kabla ya majina.
Nilikitoa kigae kwenye safu ya nyuma ya choo
nikakibandika chini ya dirisha,
mahali jua la saa moja litamkuta.

Sikumwambia mwenye nyumba.
Hakuuliza.