Punguza

Thuwaiba kanifungulia orodha kwenye simu.
"Shangazi, tuiite nini?"
Andika: Makaa na Karafuu.
Akacheka. Kazaliwa majuzi,
redio imeshakuwa pambo la kabati.

Wa kwanza ni ule wenye ngoma ya mashine,
tki-tki-tki, kama cherehani ya Bi Mtumwa
usiku wa kuamkia Idi.
Kijana anaimba foleni ya wasio na kazi
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kula.
Nilikuwa na miaka kumi na sita, Wete, mtaa wa Jadida.
Nikashangaa: kumbe na Uingereza kuna foleni?
Ya kwetu ilikuwa ya sukari,
nusu kilo kwa kadi,
na ule unga wa njano unaonuka gunia.

Wa pili naubishia.
Vinanda vingi mno, nywele nyingi mno
(picha yao niliiona kwenye jarida la Ammi Sleyum,
baharia, aliyeshuka Cardiff akaoa hukohuko),
lakini ubeti wa tatu unawataja vijana
waliopelekwa kufia kisiwa cha kondoo,
na mimi wa kisiwani naijua hali hiyo
ya kuwa nukta kwenye ramani ya mtu mwingine.
Basi ubaki.

Wa tatu nimeufuta mara mbili, nimeurudisha.

Wa nne ndio wa makaa.
Mwaka ule wachimbaji waliweka sururu chini
wakakaa mwaka mzima, askari wa farasi juu yao.
Na kwetu, mwaka uleule, tukaambiwa
hali ya hewa imechafuka,
wala haikuwa mvua.
Baba alianika karafuu kwenye majamvi,
akizigeuza kwa unyayo, taratibu,
bei kaipanga mtu asiyewahi kuupanda mkarafuu.
Gunia lililovuka usiku kwenda Mombasa
halikutajwa hata kwa mke.
Nikamfasiria: "Baba, hawa wanawaimba wachimba makaa."
"Wamelipwa?"
"Hapana."
"Basi waache waimbe."

Kaseti ilikuwa ya dakika tisini,
ya mawaidha ya mjomba. Nikayafuta, Mungu anisamehe.
Vitundu vyake nikaviziba kwa karatasi ya sigara,
betri nikazianika pamoja na karafuu zipate nguvu,
rikoda nikaielekeza mdomoni mwa redio,
nikabana pumzi.
Kiitikio kimepanda, umma mzima unaimba,
ndipo mama akaingia kutoka uani:
"We Mize, punguza. Ukuta huu una masikio."
Kisha mlango. Kisha mchi kinuni.

Miaka ishirini niliusikiliza hivyo,
na mama ndani yake,
hata baada ya mama kwenda zake,
mpaka siku mashine ilipoula utepe.
Nikauvuta kama utumbo wa kuku,
nikauzungusha kwa penseli. Ukakatika.

Leo simu imenipa wimbo uleule,
umeoshwa, hauna hata mkwaruzo.
Nikasubiri. Kiitikio kikapanda, umma ukaimba.
Hakuja mtu.

"Huu si wenyewe," nikasema.
"Ndio wenyewe, Shangazi, tazama,
watu milioni nane wameusikiliza."
Milioni nane,
na hakuna hata mmoja aliyeambiwa apunguze.

Tumefika kumi na mmoja.
Thuwaiba anataka tufikishe kumi na mbili, ipendeze.
Nimekataa; sina sababu.
Usiku naziweka nikichambua mchele,
ule wa foleni, ule wa kondoo,
na wa nne ukifika pale,
mahali palepale pa mama,
kidole chenyewe hupunguza.

Jirani wa ukuta huu, masikini,
siku hizi hasikii kitu.