Saa Kumi ya Machi

Buffalo bado ina theluji ya wiki iliyopita,
pembezoni mwa barabara imeshika rangi ya maji ya mchele,
na mimi nimejibanza stoo ya dobi la hospitali,
kati ya mashuka yaliyokunjwa na yanayonisubiri,
simu mkononi. Saa kumi dirisha linafunguliwa.

"Wameshamtoa," anasema Kowalczyk, hata sijauliza.
Nani?
"Bivens."

Corvell Bivens, misimu saba,
beki wa kati aliyekaba kama deni,
katolewa kwa chaguo la raundi ya tano.

Nifafanue, kwa ajili ya shemeji yangu wa Kigoma
asemaye mpira huu wa yai ni ugomvi wa watu waliovaa magodoro:
hakuuzwa. Angeuzwa ningejua bei.
Kabadilishwa na mtu ambaye bado hana jina,
kijana wa chuo fulani, kokote aliko,
pengine saa hizi anatafuta soksi uvunguni
wala hajui kwamba yeye ndiye chenji.

Basi nisikilizeni, maana meneja hanisikilizi.

Mkimbiaji akishatimiza miaka ishirini na minane
usimpe mkataba wa minne. Magoti hayasomi mkataba.
Mpiga mateke msimguse, nasema msimguse:
atakayemwacha ili kuokoa dola laki nne
atazikumbuka laki nne zake Januari,
upepo wa ziwa ukivuma, yadi arobaini na tatu, sekunde sita.
Mdakaji wetu aliyefuata pesa Florida simlaumu.
Mimi niliacha kiwanda cha kuku
kwa nyongeza ya senti themanini kwa saa,
na sikuaga mtu.
Lakini kununua majina! Kila Machi majina!
Jina halikabi.

Na hilo neno, mchezaji huru,
nalipenda likipita masikioni, kisha nalitilia shaka.
Huru wa kukaa sebuleni na wakala wake,
simu katikati ya meza kama mgonjwa.
Bivens hata huyo hakuwa. Alikuwa na mkataba.
Wanasema habari ilimkuta kwa kinyozi,
nusu ya kichwa imekwisha, nusu bado.

Nyarugusu walibandika karatasi ubaoni:
jina langu, na mbele yake, Buffalo.
Mjomba akasema maana yake ni nyati.
Hakuna aliyeniuliza kama nataka nyati.
Ila silinganishi. Bivens ana nyumba tatu,
na nyati sijamwona mpaka leo
isipokuwa kwenye kofia za watu.

Nyuma ya fomu ya mashuka nikamwandikia:

*Nenda baba nenda zako, hatukupi la lawama,*
*Tulishiba jasho lako, na mifupa kulalama,*
*Wakipima goti lako, waambie li salama,*
*Shati lina jina lako, na mimi sijalihama.*

Mshororo wa pili umelegea, najua.
Nilikuwa na mashuka mia mbili.

Kowalczyk akasoma bila kuelewa herufi,
akauliza kama ni maombi.
Nikamwambia ni hivyo hivyo.
Akanyamaza, akavuta toroli,
kisha akasema baba yake alilia mara moja tu maishani,
na haikuwa msibani; ilikuwa siku walipomtoa mlinda kushoto,
mwaka ambao kiwanda cha chuma kilikuwa bado kinalipa.

Jioni nalivaa shati juu ya koti, nakwangua kioo cha gari.
Mtoto wa jirani anapiga kelele ng'ambo ya uzio:
"Huyo si wetu tena!"

Nilikuwa nimelinunua Novemba, nusu bei,
nikajiona mjanja, nikaenda nalo nyumbani nikiimba.
Ningekuwa na akili ningeuliza pale pale kaunta.
Duka halishushi bei ya mtu anayebaki.

Barafu ya leo ni ngumu.
Nakwangua upande wa dereva tu.