Kamba ya Mita Mia Tano

Walinijia mimi kwa sababu ya futi yangu ya kushonea.
Wete nzima hapakuwa na wa kuwaambia
fundi cherehani hapimi bahari.
Nikakaa barazani na kamba ya katani:
mita, uzi mwekundu,
mita, uzi mwekundu,
adhuhuri ikanikuta kwenye mia nne na sitini,
vidole vinawasha.
Wakaivuta majini, wakachomeka vijiti viwili vya mkoko,
kimoja huku bandarini, kimoja upande wa Mtambwe,
kamba ikaachwa izame baina yao.

Tangu hapo rekodi naziandika kwa chaki nyuma ya mlango wangu.
Mbarouk, arubaini na mbili.
Haji wa Gando, thelathini na tisa,
akapita kijiti, akazama, akaibuka anacheka.
Kisha Shaame Ngwali.

Chombo chake kilikuwa milango ya kabati la marehemu shangazi yake,
gundi, misumari ya shaba,
na mashine ya mkono wa pili
aliyoifungua mara nyingi hata ikamzoea.
Propela aliipiga tupa usiku kucha,
mkewe kalala na pamba masikioni.
Ubavuni kaandika, kwa rangi ya kucha: HAINA BARAKA.
Siku ya siku alinyoa kichwa, akavua pete,
akatema hata kokwa ya ubuyu.
"Uzito, yakhe. Uzito."

Saa nilishika mimi.
Chombo sikukiona. Niliona mstari mweupe
kama mkasi unaopasua kanga mpya,
na mlio ukafika nyuma yake, umechoka.
Thelathini na moja!
Wakambeba. Chaki ikanivunjikia mkononi.

Kesho yake kijana akaniletea kamba, imelowa, ina chaza.
Sijui kilichonituma kutoa futi.
Uzi hadi uzi: sentimita tisini na sita.
Uzi hadi uzi: tisini na sita.
Kitambaa hufuliwa kwanza ndipo kikatwe,
hili analijua hata aliyeshika sindano jana.
Kamba sikuifua.
Bahari ikanifulia.

Mita ishirini, basi, hakuna aliyepata kuziendesha.

Sikusema. Ningemwambiaje mtu aliyenyoa kichwa?
Alfajiri, maji yamekupwa, nilifunga kanga kiunoni,
nikang'oa kijiti cha huku,
nikakirudisha nyuma mita ishirini, futi kwa futi.
Kaa waliniona. Wao hawana mdomo.

Sasa kila mtu amekuwa mzito.
Mbarouk anasema petroli imetiwa maji.
Haji analaumu upepo, kisha mkwewe.
Shaame kapata thelathini na mbili na kitu,
kashuka bila kunitazama.
Mlango wangu siku hizi naufungua mpaka ukutani,
chaki isisomeke.
Nashona sare za skuli.
Usiku, nyumba ya tatu kutoka kwangu,
nasikia tupa: kwaru, kwaru, kwaru,
nami nang'ata uzi, nakosea tundu la sindano,
najaribu tena.