Eladia Anachagua Pipa

Mimi ni mfungua mapipa. Kazi yangu ni kijiti tu,
kinachoziba tundu dogo kuliko njegere:
nikikichomoa, saida huruka kama uzi,
na aitakaye aje mbiombio na bilauri mkononi.

Aprili, baridi bado imelala kwenye kuta za ghala,
wanakuja kuonja kabla hatujaitia chupani.
Wenye migahawa kutoka Gijón, wakwe wenye harusi,
na mwaka huu Eladia wa Quintes, peke yake,
ndani ya koti la marehemu, mikono imekunjwa mara mbili.

Miaka thelathini na minane alichagua Xuacu.
Mkewe alisubiri garini, redio ikisema,
akipiga hesabu za mahindi nyuma ya bahasha.
Xuacu alionja, akatema, akasema, "Hili,"
siku zote la tatu, laini, la watu wote;
kreti kumi na mbili zikapakiwa,
naye Eladia akanywa mwaka mzima bila kuulizwa.

"Usinichagulie," ananiambia. "Nifundishe."

Kumfundisha mtu saida ni kama kumfundisha kupiga chafya.
Namwambia nijuavyo:
rangi iache, rangi huwadanganya wageni.
Ukungu ule si uchafu, ni mwili wake.
Sikiliza. Ikigonga ukingo wa bilauri kutoka juu
iwe na sauti ya karatasi inayopasuliwa.
Povu lipande, lisikae;
povu likaalo ni mgeni asiyejua kuaga.
Kunywa papo hapo, yote, ila tone la mwisho
limwage sakafuni, lioshe pale ulipogusa mdomo,
maana bilauri ni moja na sisi tu wengi.
Kisha tazama kioo. Umebaki utando mwembamba?
Basi ina damu.
Haukubaki? Ni maji yaliyopita karibu na tufaha.

Pipa la kwanza, tamu. Anatikisa kichwa:
"Hii ni ya mtu anayeiogopa saida."
La pili linanuka siki. Nalifunga haraka,
naona haya, nasingizia hali ya hewa.
La tatu, ananusa muda mrefu.
Najua amemwona mtu humo ndani.
Anakunywa, anamwaga tone, hasemi.
Natoa kalamu niandike kumi na mbili.

"Bado. Lile la nyuma je?"

Lile la nyuma ni la saba. Halinunuliwi.
Ni tufaha moja tu, chungu, hata nguruwe hulikwepa,
la mteremko wa kaskazini
ambako jua hufika saa sita na kuaga saa nane.
Baba aliipanda miti ile kwa ubishi,
nami nakamua kwa ubishi.
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza;
hili halijajiuza wala kujitembeza. Limekaa.

Nachomoa kijiti. Eladia anaudaka uzi hewani.
Uso unakunjamana, macho yanafumba,
ukakasi unamshika mashavu kwa ndani.
Nangoja ateme. Nimezoea.

Hatemi.
Ulimi unazunguka kinywani
kama mtu anayepapasa swichi chumbani gizani,
kisha anaipata. Naona akiipata.
"Inauma," anasema, "halafu inaomba radhi,
halafu inasema haikuwa imekosea."

Bwana mmoja wa Gijón anacheka:
"Mama, hiyo ni ya kusugulia sufuria za shaba."
Eladia anamwaga tone lake la mwisho
karibu kabisa na kiatu chake.

"Kreti ngapi?"
"Tano za hili. Na moja ya la tatu,
ya siku nitakazotaka kubishana naye."

Nampakilia. Anaketi penye usukani, anasogeza kiti mbele,
anakisogeza tena, anaondoka.

Usiku, ghala tupu, narudi kwa la saba.
Miaka yote nimelionja kwa kutema,
kama wafanyavyo wataalamu.
Leo nameza.