Panga kwa Umuhimu

Kageha, umeniletea karatasi ya maswali kumi na mawili,
kalamu ya buluu, na soda niliyoshindwa kuikataa.
Yape namba, unasema.
Moja litafitiwe kwanza,
kumi na mbili lisubiri fedha zikipatikana.
Uvimbe wa ndani ya uti wa mgongo ni adimu,
na fedha nazo ni adimu;
adimu mbili zikikutana, sharti mtu achague.

Nimekuelewa. Mimi ni fundi cherehani.
Kitambaa kikipungua
huwa namuuliza mwenye nguo: tupunguze mikono au pindo?

Swali lako la kwanza ni vinasaba vya uvimbe.
La pili, mionzi: kiasi gani, na lini.
Mazuri hayo. Sibishani na waliosoma.
Lakini ngoja nikwambie ulivyoanza.

Ulianza kwenye pedali.
Mguu wa kushoto ulikanyaga, au nilidhani umekanyaga,
na sindano ikasimama katikati ya sare ya shule.
Nikatazama chini. Kandambili ilikuwa imetoka zamani,
iko kule mlangoni,
na mguu haukuwa umeniambia.

Wenzangu wa Kibuye wakasema ni baridi ya sakafu.
Zahanati wakasema taifodi, kisha mishipa, kisha uzito.
Mwaka wa pili wakaniuliza kama nimekosana na mtu.
Nimemeza vidonge vya kila rangi ya uzi niliyo nayo.
Miezi ishirini na mitatu, Kageha!
Mpaka kijana mmoja wa kliniki ya Mamboleo,
ndevu bado zinabahatisha,
akachomoa ufunguo wa pikipiki yake
akaukwaruza wayo wangu.
Kidole gumba kikainuka badala ya kujikunja.
Akanyamaza. Akakwaruza tena.
Kesho yake nilikuwa njiani kwenda Eldoret kupigwa picha.

Ufunguo.
Kwenye orodha yako, ufunguo ni namba ngapi?

Walikitoa chote isipokuwa ncha.
Nikiivuta na hiyo, daktari alisema, nitaivuta na miguu yako.
Kipande wakakitia chupani, wakaandika jina,
wakakosea: Risper Odoyo, mwanamume.
Kiko wapi sasa? Kabati la nani?
Hivyo vinasaba vya swali la kwanza
mtavisoma kutoka kwa nani, kama mimi nimepotea
na mwanamume asiyekuwepo ndiye aliyehifadhiwa?

Swali la nane linasema "ubora wa maisha".
Hilo ni gunia. Lifungue.
Mna maji ya moto yanayopanda paja saa nane za usiku
na hakuna maji.
Mna mpira wa mkojo, na bei yake.
Mna mkono wa Baba Achieng' ukiniwekwa kiunoni
nami nauona tu, kama mkono uliowekwa kwa jirani.
Hili sikumwambia daktari. Alikuwa na haraka, nami nilikuwa na haya.

Kitanda cha pili alilala Otula, mlima mpunga wa Ahero.
Kila asubuhi alimuuliza yeyote mwenye koti jeupe:
kitarudi?
Wakamjibu kwa upole kwamba watu kama yeye ni wachache mno,
haijulikani.
Alirudi kwao Machi. Simu yake haiingii.
Nimekutafutia namba ya dadaye, iko nyuma ya risiti hii,
maana mnatuita adimu,
na mimi peke yangu, nikiwa nimelala chali,
nilituhesabu watano.

Haya, nimemaliza.
Najua fomu inataka moja iwe moja tu.
Nimeiandika mara nne; kompyuta yako na igombe.
Vinasaba nimevipa tano, usivunjike moyo.
Cherehani sasa ina mpini, mpwa wangu anazungusha,
na sare za muhula ujao zinanisubiri.

Sehemu ya "Mengineyo" mmeiachia mstari mmoja.
Geuza karatasi.