Pampu ya Pili

Mafuru, ukimaliza kucheka uje unishikie tochi.
Nimeinunua Kirumba, kwa Bi Nyanjige muuza vipuri,
akanipunguzia elfu tatu kwa kuwa boksi lilikuwa limelowa.
Si kubwa. Inaenea kiganjani kama sato mchanga,
chini ina chujio, ubavuni ina shingo ya kuvalia mpira,
na mgongoni pana namba ambazo hata muuzaji hazijui.

Watu wa mwalo wameshasema yao.
Magesa anasema ile ya zamani nimeiletea mke mwenza.
Bugingo anasema anayenunua pampu mbili
ameshaelewana na maji.
Waache. Wao usiku ule walilala.

Wewe hukulala.
Tulikuwa tunaikaribia Bezi, magunia kumi na moja ya dagaa,
mvua inatujia kwa nyuma kama mtu anayedai,
nikasikia pampu ikinguruma, ikakohoa, ikanyamaza.
Kimya kile kilinitoa jasho mvuani.
Ulipotia mkono ngamani ukakuta mfuko wa rambo
umejisokota kooni mwake,
mfuko wetu wenyewe, uliobeba mihogo yetu ya mchana.

Ukachukua dumu lililokatwa mdomo
ukafua maji.
Ukafua kwa mkono wa kulia, ukafua kwa wa kushoto,
ukafua umepiga magoti,
ukafua huku ukinitukana, mimi na usukani wangu,
na mimi nikishukuru kila tusi
maana anayetukana hajazama.

Kwa hiyo shika tochi. Hapa, si usoni.

Fundi Masatu, yule wa redio, amenielekeza:
usiilaze sakafu moja na mwenzake.
Ipandishe vidole vinne, kwenye taruma la nyuma,
ikae pakavu.
Siku ikilowa, ujue ya kwanza imeshindwa.
Waya wake, fyuzi yake,
betri yake, juu, chini ya kiti chako,
mpira wake, na tundu lake ubavuni juu ya mstari wa maji,
na mpira upinde shingo kwanza kabla ya kutoka
ziwa lisije likarudi kwa mlango uleule.
Nikamuuliza, fundi, kwa nini visichangie betri,
mbona gharama?
Akapuliza vumbi kwenye redio ya mtu, akasema:
vinavyochangia kila kitu hufa siku moja.

Nimetembea na neno hilo tangu Kirumba.

Tundu nimelitoboa mwenyewe.
Hujui ilivyo kuelekeza keekee kwenye ubao mzima
wa boti ambayo bado unailipia,
vumbi la mbao likakuangukia vidoleni, jekundu, kavu,
na nyuma yake ukaona mwanga pasipotakiwa mwanga.
Nikaziba pembeni kwa silikoni. Nikaziba tena.
Kidole changu hiki hakijatakata mpaka leo.

Mafuru, Mama ana watoto wawili tu
na usiku ule wote wawili tulikuwa kwenye waya mmoja.
Jumatatu nitakwenda Ukara na kijana wa Magesa.
Wewe utabaki uuze.
Alhamisi utakwenda wewe, nitabaki mimi.
Usinijibu. Chukua ndoo.

Ndiyo, chota ziwa ulimwage ndani.
Acha waone. Acha yule mama aache kusugua sufuria.
Ya kwanza nimeizima.
Mwaga. Mwaga tena. Maji yamefika mataruma,
kandambili yako inaelea,
mwaga,
na boya lile dogo, kama kidole cha mtoto darasani,
linainuka.

Kwa!

Sikia. Sikia inavyovuta.
Tazama nje, ubavuni, pale nilipotoboa:
utepe wa maji, mnene kama mkono wako,
unarudisha ziwa ziwani
pamoja na magamba ya usiku ule.

Unasema zima, unamaliza betri.
Najua.
Niache kidogo.